Jani la Tatu Katika Boma la Zamani

Mama Mdogo,

Kuna swali nililolibeba tangu utotoni, nikaenda nalo hadi chuo kikuu ng'ambo ya Ziwa, nikarudi nalo likiwa zima vilevile. Likisemwa wazi linaonekana dogo mno kumsumbua mtu mzima. Miche ile iliyotoa jani la tatu katika boma la zamani, mwaka ule Baba alipotaka kukurudisha kwenu Masumbwe, ilitokana na mbegu za Mayu au ilitokana na mbegu zako? Nasema Mayu, kama tulivyomwita mama yangu mzazi kwa Kisukuma, ili nisiwachanganye ninyi wawili. Lakini huenda sisi sote tuliokoka kwa sababu siku moja niliwachanganya.

Najua hutajibu. Umelala kando ya shamba letu la pamba, na mimi niko Shinyanga mjini, katika chumba cha mwalimu chenye dirisha moja. Dirishani nimeweka kopo lenye udongo, na katika udongo huo kuna mche mmoja wa kibuyu. Majani yake mawili ya mwanzo, yale manene yanayotoka yakiwa yamebeba ganda la mbegu kichwani, yameshatanuka. Katikati yake tangu juzi kuna kitu kidogo kilichojikunja, chenye manyoya membamba, ambacho bado hakijaamua kufunguka. Ndicho kilichonikalisha chini nikuandikie.

Ulipofika kwetu nilikuwa mkubwa wa kutosha kushika mchi na mdogo wa kutosha kuogopa giza la stoo. Mayu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba alikuwa amekwenda Geita kufanya kazi katika mgodi wa dhahabu, na wakati wa kurudi lori lilimharibikia Masumbwe. Lori lilitengenezwa upesi, yeye akachelewa. Alipotokea nyumbani hatimaye, nyuma yake ulikuwa wewe, na baada ya muda ng'ombe wakatolewa zizini kwetu kupelekwa kwa wazazi wako. Bibi, mama yake Baba, alisimama langoni akiwasindikiza ng'ombe wale kwa macho kama mtu anayeaga wanawe.

Asubuhi yako ya kwanza ulipiga magoti mbele yake ukasema, "Shikamoo, mama." Bibi akajibu "marahaba" huku akimtazama ndama. Ikawa hivyo kila siku, na wewe ukazoea. Siku moja ulininong'oneza kwamba ndama yule sasa amepata heshima kuliko mwenyekiti wa chama cha pamba. Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa sababu nilikuwa nimeamua kutocheka na wewe.

Kiswahili chako kilikuwa kizuri. Ulikuwa umekulia kando ya barabara, na kwa padri huko Ushirombo ulijifunza sala na kusoma kidogo. Bibi alikuwa na Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Kwa hiyo nikawa mkalimani wenu, na maneno haya ninayokuandikia leo, mengi niliyasikia mara ya kwanza kinywani mwako, nikiyabeba kutoka jikoni hadi kwenye kigoda cha Bibi, nikiyapunguza makali njiani yaliporudi.

Pindo la kanga yako lilikuwa na fundo. Bibi alikutaka ulifungue, ukalifungua bila kinyongo: zilikuwa mbegu za vibuyu vya kwenu, za rangi ya udongo, zenye mifereji pembeni.

"Nyumbani kwetu mtu haendi kwa mumewe mikono mitupu," ulisema.

"Vibuyu tunavyo," Bibi akajibu, nawe ukalifunga fundo tena.

Hatukuwa navyo. Kibuyu cha mwisho cha Mayu cha kusukia maziwa kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa ukano wa ng'ombe, na kila tulipokisuka, mtindi ulitiririka hadi kwenye viwiko vyetu. Vibuyu vya Mayu vilijulikana. Vilikuwa na shingo ndefu iliyoinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza, na ngozi ngumu isiyoruhusu maziwa kuchacha kabla ya wakati wake. Wanawake wa kaya nyingine walikuja kumwomba mbegu. Alipofariki, kiganja kisichojaa cha mbegu hizo kilibaki kwa Bibi, kimefungwa kitambaani na kuning'inizwa juu ya moto, mahali ambapo moshi huwafukuza wadudu. Mwaka wa msiba hakuna aliyezipanda.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Bibi alikishusha kitambaa kile akakukabidhi. Alikuwa na imani yake, ambayo tangu hapo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote: mbegu za marehemu zikiota mkononi mwa mke mpya, marehemu amempokea, zikikataa, amemkataa, na walio hai wasijifanye wanajua zaidi. Hili alilisema mbele ya Baba, na Baba, aliyezoea kupasua miamba kwa baruti, aliinamisha kichwa kama mtoto.

Ulitaka kuzipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, kwa kuwa kwenu ndivyo mnavyofanya, na udongo wake ni safi. Bibi alikataa. Mbegu za Mayu zilipandwa siku zote katika boma la zamani, pale ng'ombe walipolala kabla hawajahamishwa, penye samadi nyeusi inayozamisha mguu hadi kifundo. Hakuna aliyekumbuka jambo moja. Mwaka mzima wa msiba, nyumba ilipokosa mwanamke wa kuiongoza, maganda na matumbo ya maboga yote tuliyokula tulikuwa tumeyatupa hapohapo.

Ulipanda karibu na nguzo ya lango la zamani. Likafuata jua. Mvua ya pili ilikawia, samadi ikakauka ikawa kama unga, na Bibi akaacha hata kumsalimia ndama. Katika siku hizo, asubuhi moja nikitoka kuchota maji, nilikuona umechuchumaa karibu na nguzo ile. Ulikuwa ukifukua kwa kidole kisha ukifukia. Uliponiona ulisema unatazama kama mbegu bado ziko hai. Pindo la kanga yako lilikuwa limening'inia magotini, limenyooka, halina fundo. Sikulifikiria wakati ule. Nimelifikiria baadaye, labda kuliko linavyostahili.

Kisha mvua ikaja. Boma lote la zamani likaota. Kila mahali palikuwa na majani mawili mawili, manene, ya mviringo, yanayofanana kama vifungo vya shati moja. Ungeweza kupakaza kijani kile ukutani. Baba alisimama langoni akasema ameshaona dhahabu ikitafutwa kwenye mchanga, lakini hajawahi kuona kazi kama hii.

Bibi hakuona mengi, macho yake yalikuwa yameanza kufifia, ila alipita akigusa huku na kule kwa fimbo. "Msumbwa," alisema, maana hakuwa na jina jingine la kukuita, "umetuoteshea maboga ya kulisha nchi nzima. Za marehemu ziko wapi?"

"Zimo humuhumu, mama."

"Zimo, au zimeoza?"

Kwa Bibi shauri lilikuwa limekwisha. Usiku ule Baba alilala upande wa ng'ombe, na kulipokucha alitoa uamuzi wake kwa sauti ya chini, bila kukutazama. Lori la wachukuzi wa pamba litakapopita ataondoka kurudi Geita, na mtaondoka pamoja. Masumbwe iko njiani. Atakushusha kwenu, na habari ya ng'ombe itazungumzwa na wazee.

Nakumbuka ulivyofuta mikono kwenye kanga kabla ya kujibu, pole pole, kidole kimoja kimoja. "Baba Kabula," ulisema, ukimwita kwa jina langu, "naomba jani la tatu litoke kwanza. Haya mawili hayajulikani, hata na mtu aliyeyapanda. Likitoka la boga kila mahali, nitapanda lori mwenyewe. Hutanishika mkono."

Bibi aliniuliza umesema nini, nikamtafsiria. Akauliza, "Hilo jani la tatu linasema nini?"

"Linataja ukoo, mama," ukajibu.

Miaka mingi baadaye, katika chumba chenye harufu ya dawa za maabara, mwalimu wetu alichora mche ubaoni akatueleza kwamba majani mawili ya kwanza si majani hasa, ni akiba ya chakula iliyofungashwa ndani ya mbegu. Kazi yake ni kuuvusha mche hadi uweze kujilisha, na tabia ya mmea huanza kuonekana katika jani linalofuata. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa boma la zamani, nikisikiliza kama kuna ngurumo ya lori.

Maana tulisikiliza, Mama Mdogo. Kwa siku zile nyumba nzima ilikuwa na masikio. Wewe ulifunga kanga zako ukaziweka karibu na mlango, ili usionekane unang'ang'ania. Kila asubuhi ulikwenda kukagua, nami nilikufuata kwa mbali, nikijiambia nakwenda kutafuta kuku. Nilitaka uondoke, na nilitaka mbegu za Mayu ziote. Mambo hayo mawili hayakuweza kutokea pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani nililiona hilo.

Lori lilikuja kabla ya adhuhuri. Dereva alikwenda kupakia marobota kwenye duka la Mhindi na akasema atapita kumchukua Baba akimaliza. Na asubuhi hiyohiyo, karibu na nguzo ya lango la zamani, vijani vya tatu vilikuwa vimefunguka, kila kimoja kikubwa kama ukucha wa kidole gumba.

Bibi aliletwa pale. Aliinama akakishika kimoja, lakini vidole vyake vilikuwa vimeota sugu za jembe, na jani dogo kiasi kile halikumwambia kitu. Alilileta puani. Pua yake ilikuwa imezimwa na ugoro wa miaka mingi. Alivuta, akavuta tena, akapiga chafya. Baba alikodoa macho kwenye jani, na nilitambua kwamba hajui. Alijua ng'ombe na mawe. Ungeweza kusema wewe, lakini neno lako lisingekuwa na uzito hata wa jani lenyewe.

"Mwiteni Kabula," Bibi alisema. "Alikuwa akikaa na mama yake bustanini." Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Nilichuma kijani kile nikakisugua. Kilikuwa laini kama sikio la mbuzi mchanga. La boga hukwaruza. Nikakinusa. Harufu ya jani la kibuyu si ya kupendeza. Ni nzito, kama jasho la mnyama lililochanganyika na majani mabichi. Mayu alipokata ncha za vibuyu ili vitoe matawi, harufu hiyo ilibaki mikononi mwake hadi usiku, akinipapasa usoni nikiwa nimesinzia. Ilikuwa haijanifikia tangu walipomfunika. Sikujua kama nimeikumbuka mpaka ilipokuwa ndani yangu.

Nikasema, "Ni vya Mayu."

Sikusema ni vibuyu. Neno hilo ningeweza kuliapia hata leo mbele ya mahakama yoyote. Nilisema ni vya Mayu, na hilo jani halikuniambia, kwa sababu jani la kibuyu cha Masumbwe lina harufu ileile.

Bibi aliichomoa fimbo yake iliyokuwa imezama kwenye samadi. Kisha akamwambia Baba, "Lori lako linapiga honi." Baba alipanda peke yake. Akiwa juu ya marobota alipaza sauti kwamba tung'oe maboga yasije yakaviua vibuyu, kana kwamba yeye ndiye aliyevitambua. Nilikutazama. Ulikuwa umechuchumaa, umejifunika uso kwa pindo la kanga, na mabega yako yalitikisika. Mpaka leo sijui kama ulikuwa ukilia au ukicheka maneno ya Baba. Pengine yote mawili.

Hukuyang'oa maboga yote. Msimu ule tulikula maboga mpaka Bibi akalalamika kwamba meno yake yamegeuka rangi. Vibuyu vilipanda juu ya nguzo na miiba ya lile boma, vikatoa maua meupe yaliyofunguka jioni, wakati yale ya njano ya maboga yamekwisha kusinyaa. Ulinionyesha tofauti hiyo, na hapo nikasahau kwamba nimeamua kutozungumza nawe isipokuwa kwa kazi. Nilikuuliza kwa nini meupe yanangoja jioni. Ukasema labda yana aibu, kama mimi.

Vilipokauka, Bibi alikalishwa kivulini, vikawekwa mapajani mwake kimoja kimoja. Alivigeuza, akavigonga kwa kifundo cha kidole, akapitisha kiganja shingoni. Vingine vilikuwa na shingo ndefu iliyoinama. Vingine vilikuwa vifupi na vinene, vya aina ambayo sikuwahi kuiona kwetu. Mimi niliviona, na yeye, aliyevisuka vibuyu vya Mayu kabla sijazaliwa, haikuwezekana asivihisi. Alikaa na kile kifupi kuliko vyote kwa muda. "Kinafaa," alisema, akakitenga.

Baada ya hapo alikohoa, akaita kuelekea jikoni: "Mama Kabula, lete maziwa."

Niligeuka kutazama mlango. Hilo lilikuwa jina la Mayu. Hakuna aliyelitamka pale tangu msiba. Kwa kitambo kidogo, nakiri, nilimtazamia yeye. Ukatoka wewe na chungu cha maziwa, umeharakisha hadi mengine yamemwagikia miguuni, na uso wako ulikuwa wa mtu aliyeitwa kutoka mbali sana.

Nimejaribu kulichunguza jambo hili kama nilivyofundishwa. Moshi huhifadhi mbegu, kwa hiyo za Mayu zingeweza kuwa hai. Lakini jua lile lilikuwa kali, na wewe ulichuchumaa pale, na fundo halikuwepo. Shingo ndefu zinamtetea Mayu. Lakini niliwahi kushuka sokoni Masumbwe nikiwa mwanafunzi, nikavikagua vibuyu vya kwenu kama karani wa ushuru, nikakuta vifupi na virefu vikiuzwa pamoja kwenye mkeka mmoja. Yawezekana mbegu zote zilikuwa ardhini, zako na zake. Hitimisho hilo ndilo linalonipendeza zaidi, na ndiyo sababu siliamini sana.

Likizo moja nilikuuliza. Ulikuwa ukipepeta mtama, umeshaanza kukonda. Nilikuuliza waziwazi mbegu zilikuwa za nani. Uliendelea kupepeta.

"Si uliinusa mwenyewe?"

"Nilinusa kibuyu, Mama Mdogo."

"Basi," ulisema, ukacheka mpaka ungo ukayumba. "Na kilisukiwa maziwa au hakikusukiwa?"

Ningeweza kushikilia. Sikushikilia. Nilidhani muda upo.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia leo na si mwaka jana. Mavuno ya mtama yakipita nitaolewa. Ni mtu wa hapa mjini, wa Ngokolo, karani wa ghala la pamba, mpole, aliyefiwa na mkewe. Ana binti anayeitwa Nyamizi. Mtoto huyo ananisalimia akitazama pembeni. Hatuna ndama pale, hivyo salamu zangu huchukuliwa na kuku. Chakula nilichopika hakukigusa. Nilipomwambia baba yake kwamba ninaogopa, alinishangaa, kwa kuwa anadhani mtu aliyesoma kiasi changu ana jibu la kila kitu. Nilichonacho ni mbegu za vibuyu vya boma letu, ulizonifungia katika pindo la kanga siku niliyokwenda chuoni.

Sitaki kulinganisha mambo kwa haraka. Nyamizi si mimi, nami nina mashaka makubwa kama nina uvumilivu wako. Lakini Jumapili alikuja na baba yake, akaliona kopo dirishani, akauliza, bila kunitazama, kama hilo ni boga. Nikamwambia bado halijasema. Akauliza litasema lini. Nikamwambia jani la tatu likitoka. Jana alipita peke yake akitoka shule, akasimama nje ya dirisha, akachungulia, akaondoka bila kubisha hodi. Leo amepita tena. Nimekaa kimya ndani, nikiandika, nikimsikia akipumua.

Jani litafunguka kesho au keshokutwa. Nitamwacha alichume mwenyewe. Sitamwambia anuse nini, wala sitamsahihisha akisema neno kubwa kuliko ushahidi alionao.

Na swali langu litabaki palepale. Wewe hupo, Bibi aliyejua hayupo, na mbegu zenyewe haziwezi tena kutoa ushahidi, kwa kuwa katika boma moja maua yale meupe yamechavushana misimu mingi, na kilicho chako hakitengeki tena na kilicho cha Mayu. Lakini sababu hizo ni za darasani. Sababu ya kweli ni kwamba siku ile ya ungo ningeweza kukubana unijibu, na niligundua kwamba jibu lolote lingemwondoa mmoja wenu bustanini. Kama huo ulikuwa upendo, au ulikuwa woga tu wa mtu aliyezoea kufiwa, hilo pia sijalijua.

Lala salama karibu na pamba yako. Jani likifunguka nitalitazama kwa macho yetu sote.

Mwanao, ambaye uliitwa kwa jina lake,
Kabula